Nyuma Yangu Mwenyewe

"Ulikuwa unachekea nini peke yako?" mke wa Futikamba alimuuliza mumewe alipoingia jikoni.

"Saa ngapi?"

"Si sasa hivi! Umekaa kwenye usukani, unanitazama hapa dirishani, unacheka."

"Mke wangu, mimi nilikuwa kiti cha nyuma."

Alibatizwa Futikamba kwa sababu ya futikamba isiyokosekana mfukoni mwake. Kazi yake ilikuwa kuyapima magari mapya na kuyaandika gazetini, na kalamu yake haikumwonea mtu haya. Wiki hiyo alikabidhiwa gari la familia, si kubwa si dogo, milango minne, rangi ya maziwa. Alilizunguka akitafuta la kulisema vibaya, akakosa. Injini ilivuta bila kelele, breki zilishika, mashimo yalipita chini bila kumtikisa mtu, na buti lilimeza masanduku ya ukoo mzima. Ikabaki nafasi ya nyuma. Hiyo aliipima kwa mtindo wake: anakirekebisha kiti cha dereva kimkae sawasawa, kisha anahamia nyuma ya kiti hichohicho, na kwa kuwa ana mazoea ya kujiongelesha, anasema, "Sasa nakaa nyuma yangu mwenyewe." Magoti yakipata nafasi, gari limefaulu.

Mara ya kwanza, siku mkewe alipomwona akicheka, ngumi zake mbili zilipenya kati ya magoti na kiti. Aliporudia kesho yake, ikapenya moja kwa tabu. Akashuka kukitazama kiti cha mbele. Hakikuwa kimesogea hata kidogo, ila kilikuwa na joto, kama kimeachwa na mtu sasa hivi.

"Lirudishe," mkewe alinong'ona alipoelezwa, binti yao asisikie. "Hilo gari lina jini."

"Jini gani huyo wa kupenda vitu vipya? Halafu nikilirudisha, Jumamosi tutaendaje kwa bibi? Nimeahidi."

"Umeahidi mara ngapi? Wewe hata ukiwepo haupo. Mwanao siku hizi akikuchora, anakuchora mgongo."

Hilo lilimchoma. Akaenda kuutazama mchoro ukutani na kweli, mama alikuwa na macho na tabasamu, baba alikuwa shati tu linalotoka mlangoni. Akaapa kwamba safari hii atawapeleka, liwalo na liwe.

"Basi tutapanda, kwa ajili ya mtoto," mkewe alisema mwishowe. "Lakini kile kiti chako cha dereva usikiache kitupu tena. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Alisikia, lakini ngumi mbili na ngumi moja zilimkosesha raha. Mtu wa vipimo hawezi kuandika namba mbili. Jumamosi asubuhi, mama akiwa ndani anamsuka binti yake nywele, Futikamba alitangulia nje. Gari lilikuwa limepigwa jua, lakini ndani lilinuka udongo uliolowa. Mara moja tu, akajiambia. Akakirekebisha kiti, akahamia nyuma, akafunga mlango.

"Sasa nakaa nyuma yangu mwenyewe."

Kiti cha mbele kikabonyea taratibu, kama kinachokaliwa na mtu asiye na haraka, na mgongo wa kiti ukaja nyuma hadi ukayabana magoti ya Futikamba, na mkanda wa dereva ukajivuta wenyewe, ukapita hewani, ukajifunga, tak, na ile harufu ya udongo ikamjaa puani mpaka akashindwa kuvuta pumzi, na alipoinua macho kwenye kioo cha ndani akaona macho mengine yanamtazama, akaomba yawe ya mtu yeyote, hata mwizi, hata maiti, lakini yalikuwa yake mwenyewe, na yalikuwa yanacheka.

Akanyoosha mkono ashike kitasa cha mlango. Vidole vikapita, hakikushikika.

Mkewe akatoka na mtoto. Futikamba akapiga kelele, "Msipande! Mke wangu, nipo huku!" Mkewe akasimama penye mlango wa gari, akamchungulia dereva kwa wasiwasi.

"Kila kitu sawa?"

"Sawa," ilijibu sauti ya Futikamba kutoka mbele. Kisha ikaongeza, "Nisamehe, mama. Kwa zile Jumamosi zote."

Miaka yote ya ndoa yao Futikamba hakuwahi kulitamka neno hilo. Macho ya mkewe yakajaa machozi. Akampandisha mtoto nyuma, naye akapanda mbele, akauweka mkono wake juu ya mkono ulioshika usukani, na wasiwasi wote ukamtoka.

"Leo nimekuona, baba," akasema.

Gari likaondoka bila kelele. Futikamba akalia, akamwita mwanawe kwa jina lake la utotoni, jina ambalo wao wawili tu walilijua. Binti hakugeuka. Akavua viatu, akajinyoosha kwenye kiti, na miguu yake ikapenya mapaja ya baba yake, isigonge kitu.

"Baba," akamwambia dereva, "huku nyuma kuna nafasi! Niko peke yangu kabisa."