Nyuma Hakuna Mtu

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo. Kamanda aliita kutoka mbele, "Mkia!" na kabla fundi cherehani, aliyetembea wa mwisho, hajafungua kinywa, sauti yake mwenyewe ikajibu nyuma ya mgongo wake: "Nipo."

Kamanda, mwalimu mstaafu wa michezo aliyeongoza klabu ya matembezi kwa filimbi na ubishi, akaendelea kupanda kilima na kundi lake. Jibu amelipata, ageuke kutafuta nini?

Mkia katika klabu ile ni cheo. Mwenye nacho huvaa kizibao cha rangi ya machungwa, hutembea wa mwisho, na ni mwiko kumwacha mtu nyuma yake. Safari ikiisha, yeye ndiye hufunga mlango wa basi na kutamka, "Nyuma hakuna mtu," ndipo safari huhesabika imekwisha. Fundi alikipenda cheo hicho kupita alivyokiri. Ila leo mdogo wake, aliyekuja baada ya kubembelezwa sana, alichepuka kichakani kujisaidia, naye fundi kwa kumstahi akasogea mbele na kumpa mgongo.

"Acha mizaha, mdogo wangu," alisema. "Maliza twende."

"Dada," mdogo wake alinong'ona kutoka kichakani, "mbona nakuona mara mbili?"

Ndege walikuwa wamenyamaza, jua likiwa utosini. Harufu ya nywele zinazoungua ikampanda puani. Fundi aligeuka.

Kitu kilichosimama pale kilikuwa na kimo chake, kofia yake, hata raba zake. Uso ndio uliokishinda: ngozi imevutwa na kushonwa ovyo kama kazi ya mwanafunzi wa kwanza, na mshono wa mdomo ukifumuka uzi kwa uzi. Mkono wa kitu hicho ulikuwa umemshika mdogo wake kifundo cha mguu.

"Kamanda!" fundi alipiga kelele.

"Nipo, endeleeni," kile kitu kikasema kwa sauti yake, kwa upole, na kundi likaendelea.

Fundi akalirukia jini lile. Alilitwanga kwa fimbo ya kutembelea mpaka ikavunjika, akaling'ata mkono na kuonja majivu, akamkamata mdogo wake kwapani na kuvuta huku lile jini likivuta miguu, na mfupa ukalia, na mdogo wake akalia zaidi, na kucha za jini zikachimba nyama mpaka damu ikachuruzika kwenye soksi nyeupe alizomnunulia yeye mwenyewe.

Kamanda alitokea akihema. "Mkia hajibu asipoitwa," alikuwa akigomba, "nimewaambia mara ngapi..." Hakumaliza. Jini lilimnyakua shingoni kwa mkono mmoja likambamiza kwenye mti, likambamiza tena, taya ikapinda upande na filimbi ikamwingia mdomoni pamoja na meno, na muda wote huo mkono wa pili haukumwachia mdogo wake, ambaye sasa alikuwa anaingia kichakani tumbo chini, akishika nyasi zinazong'oka.

Ndipo fundi akaona macho ya lile jini yanatazama wapi. Hayakumtazama mtu. Yalitazama kizibao.

Alikivua. "Unataka kuwa mkia?" alisema. "Haya, kuwa. Mwachie mdogo wangu."

Likamwachia. Likakivaa, likafunga zipu taratibu mpaka kidevuni, likasimama wima kama mtu aliyeajiriwa.

Kamanda walimbeba hadi hospitali, naye kwa taya ile hakuweza kusimulia. Wengine walisema ameteleza. Mdogo mtu alifungwa plasta mguuni. Katika vurugu zile hakuna aliyekumbuka kufunga mlango wa basi na kutamka maneno ya mwisho, na fundi mwenyewe hakutaka kukumbuka. Alichotaka ni mdogo wake afike nyumbani akiwa hai, basi.

Walifika jioni, kweupe bado. Alimshika kiuno, akamvusha kizingiti, akamketisha kwenye kochi. Alimbusu kipajini, akalia kidogo kwa furaha, na machozi hakuyaonea haya.

"Dada," mdogo wake alisema, akitazama nyuma ya bega lake, "kizibao si ulikiacha kule?"

Mlango ulifungwa kwa upole, kutoka ndani. Ufunguo ukazunguka.

"Nyuma hakuna mtu," ilisema sauti ya fundi, nyuma ya mgongo wake.