Wifi Hakutia Chumvi

Kwa maelezo ya Mama Pacha, jirani wa ukuta mmoja na mchumba wangu, wifi yangu aliingia sebuleni saa nne asubuhi, akachungulia huku na huku, kisha akamwaga pakiti nzima ya chumvi kwenye tangi la samaki.

"Nilimwona kwa macho yangu haya!" aliniambia wifi alipokwisha kufukuzwa, kakumbatia beseni la nguo. "Wivu, mwanangu. Kaka anaoa, yeye anaona atakosa pa kukaa. Hasira zote kawamalizia samaki."

"Ulimwona akimwaga?"

"Nilimwona na pakiti, dirishani. Sasa pakiti ya chumvi mtu anaipeleka wapi?"

"Jikoni, Mama Pacha."

"We mtoto, mtetee tu. Ukishaolewa humo utanikumbuka."

Neno moja lingetosha kumsafisha wifi, lakini neno hilo lilikuwa linanichafua mimi.

Mchumba wangu ni fundi friji. Miezi minane alikuwa akilea tangi dogo la maji ya bahari mezani: matumbawe hai vipande vitano na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Tangi kubwa, mara sita ya hilo, lilishasimama ukutani, tupu.

"Kwa nini usijaze hilo kubwa tu?" nilimuuliza siku moja.

"Dogo ndilo linalofundisha. Ukikosea kidogo linakuumbua hapo hapo. Likitimiza mwaka, tunahamia kubwa. Na wewe utakuwa umeshahamia humu."

Alipopata kazi ya wiki mbili mji mwingine, kulitunza alinipa mimi. Dada yake, aliyekuwa akiishi naye, hakulipenda. Alisema mlio wa pampu unameza tamthilia zake.

"Maji yakishuka chini ya alama, ongeza ya ndoo nyeupe, hayana chumvi," Fundi alinielekeza. "Ya kwenye pipa yana chumvi, ni yangu ya kubadilishia maji, usiyaguse. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Sikuelewa. Moyoni nilimcheka: samaki wa bahari unampaje maji ya bomba? Lakini mimi niliishia darasa la saba, yeye ana cheti, na mbele yake huwa natikisa kichwa nisionekane mzito. Joto likapanda, maji yakashuka kila siku. Nikawaonea samaki huruma, nikachota kwenye pipa. Siku kumi na mbili.

"Maji unaongeza?" aliniuliza kwenye simu.

"Naongeza."

Hakuuliza ya wapi.

Aliporudi, matumbawe yalikuwa meupe kama mifupa na samaki wanaelea ubavu. Akachukua kipimo chake, akadondoshea tone la maji, akatazama.

"Chumvi imepita kiasi. Maji yakikauka, chumvi haiondoki, inabaki. Ndiyo maana unaongeza yasiyo na chumvi." Akanishika bega. "Wewe huna kosa, mpenzi. Kuna mtu katia chumvi humu."

Mama Pacha alikuwa mlangoni tayari, na habari yake ya pakiti mdomoni.

"Mimi?" dada alilia. "Mimi niliyekulea tangu mama afariki?"

"Ondoka machoni pangu!"

Wakati Fundi anafoka, niliingia jikoni. Ndoo nyeupe ilikuwa imejaa pomoni, kama alivyoiacha. Nikaimwaga yote karoni. Nikarudi na taulo, nikajifanya napangusa meza, huku wifi akifunga begi.

Siku ya nne ukaingia ujumbe wake:

"Wifi, wewe ulikuwa unakuja kila siku. Kama uliniona nagusa lile tangi, sema. Kama hukuniona, pia sema. Kaka hapokei simu zangu."

Niliona haya hata mbele ya simu. Nikaenda. Nilimkuta Fundi anasugua vioo.

"Fundi, dada hakutia chumvi."

"Mama Pacha alimwona."

"Alimwona anapika. Ni mimi. Nilikuwa nachota kwenye pipa."

Mkono wake ukasimama.

"Si nilikuambia ndoo nyeupe?"

"Uliniambia."

"Na niliikuta tupu!"

"Niliimwaga karoni. Ulipokuwa unamfokea."

Akakaa chini sakafuni, sponji mkononi.

"Samaki ningekusamehe siku ile ile. Tungecheka, hata. Lakini ulisimama hapo, na taulo lako, unamwangalia dada yangu anafunga begi."

"Niliona aibu. Nilitaka ujue unaoa mtu mwenye akili."

"Unadhani aibu ni yako peke yako? Mimi nimemfukuza aliyenilea, bila kumuuliza hata swali moja."

"Nisamehe."

"Usiniombe mimi. Bibi harusi haingii humu wakati yeye yuko nje."

Akapiga simu, akaweka sauti ya juu, akailaza mezani.

"Kaka?" dada aliitikia.

"Nipo na wifi yako. Ana neno."

Nilisema yote: pipa, ndoo, karo, siku nne za kujikausha.

"Niliogopa kuonekana mjinga, dada, nikakuacha wewe uonekane mbaya. Kwa Mama Pacha nitakwenda mwenyewe nimweleze. Naomba urudi nyumbani. Nitakuja kukubebea begi. Utarudi?"

Fundi aliinamia simu. Huko aliko wifi nikasikia mlango unafungwa, kisha pumzi zake, karibu kabisa. Simu hakuikata. "Begi sijalifungua, wifi," alisema, "njoo ulibebe."