Bei ya Nyumbani

Mtaa ule ulijua saa kwa mlio wa grenda, mashine ya kukatia chuma. Ikianza kulia, watoto wanajua wamechelewa shule. Ikinyamaza, watu wanajua Cheche ameshikwa na kiu.

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza milango, madirisha na vitanda vya chuma. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Watu walimwita Cheche kwa sababu ya moto uliomrukia mchana kutwa, na pia kwa sababu ya hasira zake. Mkewe aliendesha duka dogo lililopakana na karakana. Yeye walimwita Mama Duka, na hakuchukia.

Kila alipozima mashine, Cheche aligonga bati la ukuta kwa nyundo. Mama Duka akisikia, alipitisha soda dirishani. Ilikuwa lazima iwe nyekundu.

"Hii inarudisha damu," Cheche alipenda kusema. "Moto unaninyonya damu, soda inairudisha. Mnadhani nguvu zote hizi zinatoka wapi?"

Watu walicheka. Lakini hakuna aliyebisha, maana wengi waliamini hivyo hivyo.

Halafu bei ya soda ikapanda. Serikali ilikuwa imeongeza ushuru kwenye vinywaji vya sukari. Mtaa mzima ulinung'unika, na Cheche akanung'unika kuliko wote.

"Sisi wametuachia nini?" alifoka. "Gari hatuna, nyumba ni ya kupanga. Kautamu kadogo ka kooni, nako wamekatia ushuru!"

Siku zikapita, kelele zikapoa. Watoto waliotoka shule wakaanza kununua ndizi badala ya soda. Dereva wa lori aliyezoea kunywa chupa moja juu ya nyingine akawa anaridhika na moja, na siku nyingine anaomba maji. Kreti zilipokaa bila kuguswa, Mama Duka alihuzunika. Lakini aliongeza ndizi na karanga, na duka likaenda.

Ni mtu mmoja tu ambaye ushuru ule haukumfikia. Katika nyumba ile, kila mtu alikuwa na mfuko wake. Hata mume akichukua kitu dukani, alilipa, la sivyo duka lingeliwa likaisha. Ila Mama Duka alimwonea huruma. "Mtu ashinde kwenye moto, halafu mimi mkewe nimpandishie bei?" alijiuliza. Akaendelea kumuuzia soda kama zamani, na pengo akaliziba kwa faida ya sabuni. Wakaipa jina: bei ya nyumbani.

Cheche alijivunia sana bei hiyo. "Serikali ina bei yake," aliwaambia wateja, "na mke wangu ana yake!"

Asubuhi moja cheche ya moto ilipenya kwenye kiatu chake kilichochanika. Ikamuunguza kidole cha mguu. Alikifunga kitambaa, akaendelea na kazi.

Kidonda hakikupona. Kilipanuka, kikaanza kutoa harufu. Cheche alikuwa na kiu isiyoisha, na kila mara alikwenda chooni. Alipohisi amechoka, aligonga bati. "Leta damu!" aliita. Mama Duka akaleta.

Jioni moja jirani yao alikuja kununua sabuni. Alikuwa muuguzi katika chumba cha kufunga vidonda kwenye kituo cha afya. Alisimama, akanusa, akamtazama Cheche miguuni.

"Shemeji, huo mguu una nini?"

"Kijeraha tu, dada."

"Kinauma?"

"Hata kidogo! Mimi ni chuma."

Muuguzi hakucheka. "Hapo ndipo panaponitisha," alisema. "Kidonda kama hicho kingepaswa kuuma. Kesho njoo kituoni. Usipokuja, nakufuata mlangoni kwako; usiponiona, ujue nimekufa."

Cheche alikwenda. Alipopimwa, sukari katika damu yake ilikuwa juu sana. Alikuwa na kisukari, na kilikuwa kimeshaua hisia za mguu. Walimpeleka hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Daktari hakuzunguka: wakichelewa, mguu wote utaondoka. Wakamkata vidole viwili ili kuokoa mguu. Mama Duka alisubiri kwenye korido, kanga yake mdomoni, akilia bila sauti.

Grenda ikanyamaza mtaani. Watu hawakuzoea kimya kile, na hawakukipenda.

Cheche aliporudi nyumbani, muuguzi alikuja kumbadilishia bandeji. Mama Duka alishika taa karibu ili aone vizuri.

"Dada," Cheche alisema polepole, "mimi nilijua soda nyekundu inaongeza damu."

"Wekundu ule ni rangi tu, shemeji. Ukilichovya shati kwenye rangi nyekundu, limepata damu? Ndani ya chupa mna sukari tele. Sisemi soda peke yake ndiyo iliyokuletea ugonjwa. Wengine huurithi, wengine huupata kwa njia nyingine. Lakini vinywaji vya sukari vinaukaribisha, na aliye nao tayari vinamzidishia."

"Sasa kama ni vibaya, si wavipige marufuku? Ushuru wa nini? Wanatukamua tu."

"Ushuru wa bidhaa haukukatazi kununua," muuguzi alisema. "Wanauweka kwenye vitu kama sigara, pombe na vinywaji vya sukari. Kiwanda kinalipa, bei inapanda. Wewe ukifika dukani unasita kidogo. Unajiuliza, nina haja nayo kweli? Aliyekunywa nyingi anapunguza. Mtoto anazoea maji kabla hajazoea utamu."

"Tajiri hasiti. Anayebanwa ni maskini."

Muuguzi alifunga fundo la bandeji kwanza. "Kweli, bei inambana maskini," alisema. "Lakini njoo wodini uone nani amelala pale. Ugonjwa nao unaanza na maskini, na wenyewe hauchukui senti, unachukua mguu. Ila fedha za ushuru huo tuziulizie. Dawa ziko wapi? Vipimo viko wapi? Hiyo ni haki yetu." Akamgeukia Cheche. "Mbona mtaa mzima umepunguza soda? Wewe bei haikukushtua?"

Cheche alimtazama mkewe. Mama Duka aliiweka taa chini.

"Alikuwa akilipa bei ya nyumbani," alisema. Akaeleza yote. "Nilimwonea huruma, jirani. Kumbe huruma yangu ndiyo iliyomla vidole!"

"Usijitwike mzigo wote," muuguzi alimwambia kwa upole. "Hukujua. Lakini ushuru ule ulikuwa mlango mzito kidogo kuusukuma. Wewe ukamfungulia wa uani."

"Na mimi fundi milango nikapita bila kuuliza," Cheche alisema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Alijaribu kucheka, akashindwa. Akaufunika mguu wake kwa shuka.

Kidonda kilichukua muda mrefu, lakini kilikauka. Cheche alimeza dawa zake, akapima sukari kila alipoambiwa, akanunua buti nene. Hatimaye mtaa ukasikia tena grenda.

Mchana wa siku hiyo ilinyamaza. Nyundo ikagonga bati.

Mama Duka hakupitisha kitu dirishani. Alibaki amesimama, akisubiri. Baadaye Cheche akaja mwenyewe, akichechemea, akasimama mbele ya duka kama mteja yeyote.

"Soda nyekundu bei gani?"

Akamtajia bei ya dukani, ile ya kila mtu. Cheche aliitazama chupa kwa muda.

"Nipe maji," alisema.

Mama Duka alimchotea kikombe cha maji ya kuchemsha. Cheche akaingiza mkono mfukoni.

"Na haya bei gani?"

Mama Duka alifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Haya, mume wangu, ndiyo ya bei ya nyumbani. Rudisha pesa yako mfukoni."