Mzegazega wa Mwanamkuu

Kitendawili, wajukuu zangu. Mgeni wangu namtoa nje kila asubuhi, kesho namkuta tena sebuleni. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimeichukua Maneromango yote. Jibu ni taka.

Taka ndizo zilizokuwa kazi ya Bi Mwanne katika soko la Kisarawe, enzi za Mwingereza. Alifagia maganda ya mihogo, majani ya migomba na magamba ya samaki, akayashindilia kwenye tenga moja, akajitwika kichwani mpaka shimo la taka lililokuwa bondeni. Sifa yake ilikuwa kwamba hakwenda mara mbili. Wanawake wenzake walimsifu kwa hilo, naye akazidi kushindilia.

Masika ilipofika, maganda yalilowa yakawa mazito. Alhamisi moja Bi Mwanne aliinama kulinyanyua tenga, mgongo ukakaza, asiweze kunyooka. Binti yake, Mwanamkuu, wa miaka kumi na miwili, alimshika mkono mpaka nyumbani, mama akitembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano.

Jioni msimamizi wa soko, Bwana Twalibu, alikuja kumjulia hali. Alieleza taratibu kwamba Jumamosi watu wengi huja sokoni, na likikutwa chafu adhuhuri, yeye ndiye atakayeulizwa.

"Bi Mwanne, utarudi kazini, au nitafute mtu mwingine?"

Bi Mwanne aligeukia ukutani.

Jumamosi hakuna shule. Mwanamkuu aliwahi sokoni, akafagia, akajaza tenga kama alivyozoea kuona. Alipoinama kulivuta, kiuno kikamchoma, na tenga halikusogea. Mzee Kitwana, mchota maji wa hoteli, alikuwa akipita na mzegazega wake, mti begani, debe mbele na debe nyuma.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unataka kumfuata mama yako kitandani?"

Mzee alitua madebe, akamkatia mti mwepesi. Akamwambia augawe mzigo katika makapu mawili, asiyajaze kupita nusu, achuchumae mgongo ukiwa umenyooka, miguu ndiyo imwinue. Bega moja likichoka, ahamishie la pili.

Wauza mihogo walimcheka. Huku kwetu mwanamke hujitwika kichwani. Mzegazega ulikuwa wa wanaume.

"Kesho utavaa kanzu," mmoja akamwambia.

"Nitaivaa nikimaliza kazi," Mwanamkuu akajibu, akashika njia ya bondeni.

Alikwenda mara tisa. Njiani alipumzika, akabadilisha bega, akaendelea, na wale wauza mihogo wakachoka kucheka. Adhuhuri Bwana Twalibu alilizunguka soko zima, hakuona hata ganda. Akafuatana na binti mpaka nyumbani.

"Bi Mwanne," alisema, "bidii unayo, hilo halina ubishi. Lakini mwili nao una kipimo chake. Mwanao kaenda shimoni mara tisa, na mtazame anavyosimama. Kazi ya kesho inautaka mgongo huuhuu wa leo. Sasa, Jumatatu mtoto ana shule."

Bi Mwanne alijivuta, akaketi kitandani. Akauomba ule mti, akauweka begani, akaupima kwa mkono huku na huku.

"Nitarudi, mgongo ukipoa," alisema. "Ila huu ni wa kitoto. Mwambieni Mzee Kitwana anikatie wangu."