Simu Haina Pua

Siku bodaboda ilipomgonga katika stendi ya Korogwe, Mwantumu alikuwa amependeza, na kupendeza ndiko kulikomponza: dereva alimtazama yeye, si njia. Dera la zambarau alilishona mwenyewe, maana alikuwa fundi cherehani wa Chanika, Handeni, na alikuja kununua vitambaa. Watu walijaa kumtazama huku makondakta wakiendelea kuita abiria wa Tanga. Aliyepiga magoti kando yake ni kijana mrefu mwenye shati jeupe na mfuko wa machungwa.

“Usiutazame mguu,” alimwambia. “Nitazame mimi.”

Akamtazama. Basi ikawa kazi.

Kijana huyo alikuwa Daktari Muhsin, mpasuaji. Jioni ile ile alimtia vyuma mguuni, na siku zote za wodini alipita kitandani kwake mara nyingi kuliko ugonjwa ulivyodai. Kisha korona ikapamba moto, hospitali ikapunguza msongamano, na Mwantumu akarudishwa kwa mama yake. Angeonana na daktari kwa simu ya video hadi apone.

Simu ya kwanza Muhsin aliomba kuona kidonda, akaoneshwa, akakisifu. Simu ya pili Mwantumu alikuwa amejipaka wanja na kujitanda mtandio mpya, na kamera haikushuka chini ya shingo. Daktari akauliza kama wagonjwa wote wa Handeni hupaka wanja. Akajibiwa kuwa ni wale wenye madaktari wazuri tu. Baada ya hapo ikawa mpenzi umekula, mpenzi leo umechelewa kunipigia. Mguu uliulizwa mwishoni, kama mtu anavyomjulia hali jirani, nao ukajibiwa vivyo hivyo: mzima, alhamdulillahi. Kisha Muhsin alisoma swali ambalo hospitali ilitaka kila mgonjwa aulizwe: je, umeridhika na huduma?

“Nimeridhika mno, daktari wangu.”

Naye daktari aliridhika. Kidonda ndicho hakikuulizwa.

Kilikuwa kimeanza kutoa maji, kisha usaha. Mwantumu alikifunga upya, akafukiza udi, akajipaka poda na kupokea simu. Simu haina pua. Angemwoneshaje mwanamume anayemwita mpenzi kitu ambacho yeye mwenyewe alikionea kinyaa? Alitaka kuolewa, si kutibiwa. Ujinga huo humpata kila anayependa, ila wengi hutoka nao salama.

Harufu ilipoushinda udi, mama yake alifunua shuka na kupiga ukelele. Walifika Korogwe binti anaweweseka kwa homa. Muhsin alifungua bandeji, na safari hii hakuita mtu mpenzi.

“Ulinificha,” alisema.

“Hukuomba kuona,” Mwantumu akamjibu.

Alimkata mguu chini ya goti kwa mikono yake mwenyewe, kisha hakupiga simu tena. Kimya hicho kilimuuma Mwantumu kuliko kisu. Alilia hadi machozi yakamchosha, akarudi kwenye cherehani yake ya kukanyaga, akajifunza upya kwa mguu mmoja.

Vuli ilipokwisha Muhsin alitokea Chanika na wajomba zake wawili, amekonda ndani ya kanzu. Alimwamkia mama, akakiri kwamba alimpenda binti hadi akasahau kuwa ni mgonjwa wake, na aibu ndiyo iliyomziba mdomo. Sasa amekuja kuposa. Mama alilia kwa furaha. Mwantumu akaomba aachwe na mgeni wake sebuleni, mlango ukiwa wazi.

“Nakupenda, Muhsin,” alisema. “Hilo hukulikata.”

“Basi nikubalie.”

“Ningekuwa na miguu miwili, leo ungekuja?”

Lilikuwa swali jepesi. Neno moja lingetosha, hata la uongo, naye angelipokea kwa mikono miwili na kuolewa. Muhsin alifungua mdomo. Macho yake yakashuka hadi pale pindo la dera liliponing'inia tupu chini ya goti, yakabaki huko.

“Kunywa chai, daktari,” Mwantumu alisema. “Magari ya Korogwe huisha mapema.”

Akamwita mama yake alete vikombe.