Chupa Chini ya Kitanda cha Kinyozi

Kila Jumapili, akishafua sare na kuosha vyombo, Chiriku alikwenda kumwona baba yake. Jina hilo alipewa kwa wingi wa maneno. Lakini tangu baba ahame, alikuwa kama amemeza ulimi. Angezungumza na nani? Shangazi aliyekaa naye alidamka kwenda kazini na kurudi hoi. Chiriku alikula peke yake, akiitazama sufuria.

Baba alikuwa kinyozi hodari kabla pombe haijamnyang'anya mkasi. Alipotoka hospitalini, alipelekwa kwenye nyumba ya watu walioacha ulevi, wanaokaa pamoja wakijifunza kuishi bila chupa. Hapo getini, kila aingiaye humpulizia pumzi mlezi wa nyumba, mzee waliyemwita Pua. Yeye mwenyewe alikuwa mlevi zamani. Walisema Pua akipiga chafya mashariki, basi magharibi kuna mtu kafungua chupa.

"Puliza," Pua alimwambia Chiriku. "Mm! Maharage, tena yaliungua. Na hilo begi?"

"Nguo za baba tu, babu."

Alidanganya. Ndani ya shati moja la baba alikuwa amefunga vifaa vyake vya kinyozi. Aliwaza kwamba baba akiviona ghafla, atapona upesi arudi nyumbani. Baba alipokwenda kuchemsha chai, Chiriku alilisukuma begi chini ya kitanda.

Hawajamaliza hata kikombe, Pua akaingia mbio, pua mbele, miguu nyuma. Akainama, akavuta begi. Chupa ya spiriti ya kusafishia nyembe ilikuwa imelegea kifuniko, ikavuja.

"Ya nani hii?"

"Si yangu, haki ya Mungu!" baba alisema.

"Wimbo huo tumeuimba sote, ndugu yangu," alidakia mpishi wa zamu kutoka mlangoni. Hakuna aliyecheka.

"Sheria unaijua," Pua alisema taratibu. "Anayekutwa na chupa hulala kwao siku hiyo hiyo."

Baba akaanza kukunja blanketi. Mikono ilimtetemeka.

Moyo wa Chiriku uliruka. Kwao! Akinyamaza tu, leo watalala nyumba moja. Kisha akaitazama ile mikono. Ndivyo ilivyotetemeka siku zile za ulevi, baba alipokaa kando yake na asijue kama mtoto amekula.

"Babu, nimeileta mimi," alisema. "Nilikudanganya getini. Baba hajui lolote."

Pua alimkazia macho, kisha akampa chupa. "Kamwage chooni, mjukuu wangu. Jumapili ijayo utakuja, ila begi nitalipekua mpaka mishono. Na wewe, kinyozi, lirudishe blanketi. Kesho utaninyoa, kwa maji ya moto badala ya spiriti, na ukimaliza wembe nitautunza mimi."

Jioni baba alimsindikiza mpaka getini, mwisho wa ruhusa yake.

"Ungenyamaza, ningerudi nyumbani," alisema.

"Nilitaka sana, baba."

"Najua. Lakini nilipokuwa nikificha chupa, tulikaa chumba kimoja na bado ulikuwa peke yako. Siri, mwanangu, ni chumba cha mtu mmoja. Ukweli unauma, ila una nafasi ya wawili. Haya, nenda kabla giza halijaingia."

Chiriku akaenda. Kila alipogeuka, baba alikuwa bado amesimama pale getini.