Vidonge Ndani ya Koti

“Jirani, umewahi kumwona mumeo akimeza?”

Mama Cherehani aliulizwa swali hilo wakianika nguo uani. Aliyemuuliza alikuwa jirani yake, muuguzi wa zahanati. Mume wa Mama Cherehani alikuwa na presha. Alipewa vidonge vya kumeza kila siku.

“Kila asubuhi nampelekea glasi ya maji,” alijibu. “Inarudi tupu.”

“Glasi nimeielewa. Nimeuliza kidonge.”

Mama Cherehani alicheka, akaendelea kuanika.

Mke na mume, wote walikuwa mafundi wa nguo. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani mbili, zimetazamana. Mume alikuwa bingwa wa makoti. Akikunja pindo, mshono utautafuta usiuone.

Siku ya kwanza ya dawa, alikishika kidonge kiganjani kwa muda mrefu. Jasho lilimtoka.

“Baba yangu alianza hivi hivi,” alisema. “Wiki haikuisha, tukamzika.”

“Mwanamume mzima!” mkewe alimtania. “Sindano imekupita kidole mara ngapi? Leo unatishwa na kitu kidogo kuliko kifungo?”

Wateja wawili walikuwepo. Waliangua kicheko. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Bwana Kifungo. Naye alicheka nao. Hofu yake hakuitaja tena.

Ikapita miezi minane. Asubuhi moja alikuwa anakata kitambaa, mkasi ukamdondoka. Upande mmoja wa uso ulilegea. Maneno yakawa hayatoki sawasawa. Walimkimbiza hospitali. Kilikuwa kiharusi. Siku ya tatu Mungu alimchukua.

Baada ya miezi miwili, Mama Cherehani alilitoa koti la marehemu. Alitaka kulipunguza, ampe shemeji yake, fundi viatu, mdogo wa marehemu. Alifumua pindo. Kidonge kikaanguka mezani. Kikafuata kingine. Vilipangwa ndani ya bitana, kila kimoja kimeshikizwa kwa mshono wake mdogo, nadhifu. Ndipo alipoelewa kwa nini mumewe hakukubali koti lile lifuliwe.

Alimwita muuguzi.

“Mbona hakuniambia?” aliuliza huku akilia.

“Alikuambia, jirani. Siku ya kwanza. Habari ya kifungo mtaa mzima tuliisikia.”

Muuguzi akaketi karibu naye.

“Hata mimi nina kosa langu,” alisema. “Niliuliza mara moja, nikaacha. Mtu mwenye hofu huulizwa tena, kwa upole.”

Vile vidonge alivichukua, akavirudisha zahanati. Dawa iliyokaa hivyo haifai kumezwa na mtu.

Haukupita muda, shemeji naye alipimwa. Presha ilikuwa juu. Alipofuata koti, pakiti ya vidonge ilikuwa mfukoni, haijafunguliwa.

“Shemeji, hivi mimi sivigusi,” alisema. “Vinamaliza ukoo wetu.”

Utani ulimfika Mama Cherehani kwenye ncha ya ulimi. Aliumeza.

“Unaogopa nini hasa?” aliuliza.

Shemeji alisimulia habari za baba yake. Alisema pia kwamba akikitazama kidonge tu, koo linakaza. Mama Cherehani hakumkatiza. Kisha wakaenda pamoja kwa muuguzi.

“Baba yenu alikuja ugonjwa umeshakomaa,” muuguzi alieleza. “Dawa ilichelewa kufika, ikabebeshwa lawama. Presha mara nyingi haiumi. Unajiona mzima, kumbe inakuharibu ndani. Ndiyo maana dawa humezwa kila siku, hata ukijisikia vizuri.”

“Ikinisumbua je?”

“Ukipata kizunguzungu, kikohozi au miguu kuvimba, njoo useme. Tunaweza kubadili dawa au kipimo. Usiache mwenyewe, wala usifiche. Lakini ukivimba uso au ukashindwa kupumua, kimbilia hospitali hapo hapo.”

“Na hili koo?”

“Keti wima. Kunywa funda moja kwanza, koo lilainike. Kisha kidonge, na maji ya kutosha. Na mtu akae nawe. Hapa hatutafuti shujaa.”

Tangu siku hiyo, shemeji alipita kwa Mama Cherehani kila asubuhi akienda kazini. Aliketi kwenye kiti cha kaka yake. Mama Cherehani alisimamisha cherehani, akakaa naye mpaka amalize. Mwezi wa tatu presha yake ilikuwa imeshuka vizuri. Muuguzi alimsifu, akamwambia aendelee vile vile.

Kesho yake alikuja amevaa lile koti. Alishika glasi, akasita.

“Shemeji, kaka naye aliogopa?”

“Aliogopa sana.”

“Sasa lile jina la Bwana Kifungo, nani alilianzisha?”

Mama Cherehani alitazama cherehani iliyofunikwa kitambaa.

“Mimi,” alisema.

Shemeji alikiweka kidonge mdomoni. Akanywa maji yote, taratibu. Akaiweka glasi mezani, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akatoka kwenda kazini.